Mistari Tisa ya Chini

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Walimu huifundisha methali hii kwa upole, kana kwamba ni nasaha ya kawaida tu kuhusu bidii. Si ya upole hata kidogo. Maana yake ni kwamba mtu hakulazimishwa kwenda mtoni; alikwenda kwa miguu yake, akajivua mwenyewe mbele ya macho ya watu, na tangu dakika hiyo hana tena njia ya heshima ila kuingia majini. Baridi ikimtisha akageuka, hawezi kurudi kama alivyokuja. Gerson aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na aliwahi hata kupata alama nzuri kwa kuieleza. Lakini kuijua methali na kuitii ni mambo mawili.

Gerson alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali huko Mtumba, mtu mcheshi, mwenye mwandiko mzuri na nguvu za soda. Chupa ikifunguliwa, povu lilipanda hadi shingoni. Ukigeuka kutafuta glasi, limekwisha tulia. Katika chumba cha uani cha nyumba aliyopanga Majengo kulikuwa na gitaa lenye nyuzi tatu, mizinga minne isiyowahi kuona nyuki, vitabu vya kozi ya Kifaransa vilivyosomwa hadi somo la tano, na vizimba vya zamani zile ambapo kila mtu alifuga kware. Mkewe, Restuta, alikiita chumba hicho makaburini. "Baba Lydia," angemwuliza akimwona anaingia na boksi jipya, "leo tunamzika nani?" Gerson alicheka kila mara. Kucheka ni rahisi kuliko kufungua somo la sita.

Jambo moja tu halikuwa limefika makaburini, nalo ni shamba la zabibu la Makutupora. Lilipona kwa sababu halikuwa mikononi mwa Gerson peke yake.

Huko Makutupora, katika nyumba ya marehemu baba yao, aliishi dada yake Aneth, aliyemzidi kwa miaka tisa. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa vibarua katika mashamba ya zabibu ya watu: kupogolea, kufunga matawi, kuvuna. Aliujua mzabibu kuliko wengi waliousomea, ila yeye mwenyewe hakuwa na mzabibu hata mmoja. Ekari waliyoachiwa na baba aliipanda uwele, na uwele huo ndio uliomlisha mwaka mzima. Ni Gerson aliyemfuata, miaka mitatu kabla ya mambo haya, macho yakimwaka na karatasi za semina mkononi.

"Dada, uache uwele. Tupande zabibu. Miaka mitatu tu, hutashika tena mkasi wa mtu."

"Gerson, mimi wewe nakujua."

"Safari hii naapa, dada. Kwa kaburi la baba."

Aneth akauacha uwele. Mwaka wa kwanza Gerson alikuja kila Jumamosi, akachimba mashimo na kusimika nguzo huku akiimba. Mwaka wa pili alikuja mara moja kwa mwezi. Mwaka wa tatu alituma salamu. Aneth hakulalamika, kutwa alikuwa katika mashamba ya watu, alasiri inapoisha alikuwa katika lao, na mizabibu ikasimama mistari ishirini, imenyooka, tayari kwa mavuno yake ya kwanza ya kweli.

Chama cha wakulima wa pale kilikuwa kimemwandikia Aneth nafasi. Kanuni yao ilikuwa moja na kali: mwanachama mpya hupewa siku moja ya lori, na siku hiyo ajaze sehemu yake kwa zabibu zilizoiva kutoka shambani mwake. Akipungukiwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, naye anarudi mkiani kusubiri miaka. Kwa Aneth, siku hiyo moja ndiyo ingeamua kama atakuwa mkulima au atabaki kibarua mpaka mifupa ichoke. Alilijua hilo, na Gerson alilijua pia.

Mwishoni mwa Aprili, Aneth akiwa amekwisha pogolea mistari minane ya juu, simu ikaja kutoka Gulwe. Mama yao, aliyekuwa akiishi huko kwa mdogo wake, ameanguka na kuvunjika mguu. Hapakuwa na mjadala nani aende. Gerson akaomba likizo ya siku saba, akafika Makutupora asubuhi na mapema. Aneth alimkabidhi mkasi wake wa kupogolea, ule uliolika mpini kwa kiganja chake.

"Imebaki kumi na miwili," alisema. "Ukikata miwili kwa siku, kwa siku sita umemaliza. Sikiliza vizuri, mdogo wangu. Mzabibu unasikia mkasi. Ukiukata leo, unaanza kuhesabu leo. Baada ya miezi minne uko tayari. Shamba zima likatwe wiki moja, liive pamoja, livunwe pamoja. Huwezi kusonga nusu sufuria ya ugali, nusu nyingine ukaiacha mpaka kesho."

"Dada, mimi si mtoto."

"Najua. Mtoto ningemwachia mistari miwili tu."

Mstari wa kwanza ulikuwa starehe. Gerson alikata huku akijipiga picha na kuwatumia wenzake wa ofisini. Wa pili ulimchosha mgongo. Siku ya pili malengelenge yalimtoka kiganjani, vumbi likamkaa kooni, na hadi jua linazama alikuwa amekata mstari mmoja tu. Alisimama akatazama mbele: mistari tisa, yote inafanana, yote inamngoja. Katika kila kazi pana mahali ambapo furaha ya kuanza imekwisha na furaha ya kumaliza bado haijaonekana. Hapo ndipo mtu huvuka kwa kuinamisha kichwa tu, bila wimbo wala picha. Gerson alikuwa amefika mahali hapo mara nyingi maishani, na hakuwa amewahi kupavuka hata mara moja.

Asubuhi ya siku ya tatu Fabian alimpigia simu. Fabian alikuwa karani mwenzake, na katika mambo ya kuanza walikuwa pacha.

"Oya Gerson, friji nimelipata! Mota imekufa, lakini body safi kabisa. Njoo tulibebe kabla jamaa hajabadili mawazo. Tunatengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, bro. Hii project ni ya kututoa."

"Niko shamba, Fabi."

"Nusu siku tu, kaka."

Mtu aliyechoka hahitaji kusukumwa sana. Gerson alihisi povu likipanda upya kifuani, tamu, jepesi, halina malengelenge. Akautundika mkasi kwenye waya wa mstari wa kumi na mbili, akasimamisha bodaboda. Nusu siku ikawa siku nzima, kwa sababu friji lilikuwa zito. Siku nzima ikawa siku nne, kwa sababu nyaya hazikukaa. Jumamosi, akiwa amepiga magoti akiingiza balbu ndani ya friji lile, simu ya Aneth iliita kutoka Gulwe. Nyuma ya sauti yake mama alisikika akigumia.

"Gerson, umemaliza?"

Maneno ya kweli yalikuwa mafupi: bado, dada, imebaki tisa. Angeyasema, Aneth angemwacha mama kwa mama mdogo kwa siku tatu, angepanda gari, angekuja kukata mwenyewe. Gerson aliyaona maneno hayo, akayaonea aibu.

"Nimemaliza, dada."

Aneth alishusha pumzi ndefu. "Mungu akubariki. Basi nampigia Mzee Batholomeo wa chama sasa hivi, aandike tarehe yetu ya lori."

Gerson alirudi kwenye balbu yake. Alijiambia kuwa hakudanganya, ametangulia tu kusema ukweli. Kesho angekwenda, na ikifika jioni uongo wote ungekuwa umekwisha geuka kweli. Kesho ilikuwa Jumapili. Jumatatu likizo ilikwisha, na jioni zote za wiki zikaliwa na friji.

Friji lilikaanga mayai. Wiki ya tatu walilifungua wakakuta mayai sitini yameiva kama ya kula na chumvi, na povu la Gerson likatulia papo hapo. Ndipo alipoukumbuka mkasi. Aliaga ofisini kwamba anaumwa, akaenda Makutupora Alhamisi, na kwa siku nne alikata kwa hasira mpaka mstari wa ishirini ukaisha. Mistari ya juu ilikuwa imekwisha chipua, majani mabichi yamefunguka. Ya chini ilibaki vijiti vitupu. Aliiona tofauti hiyo. Akajiambia kwamba mimea hujua kufukuzana.

Jirani yao Yoramu alisimama kwenye uzio wake wa miiba, akamsalimu kwa kilugha chao. "Mbukwa, Gerson. Naona mwenzetu unapogolea kwa awamu."

Gerson alicheka. Yoramu naye alicheka kidogo, akaenda zake. Alikuwa mkulima, aliona kila kitu. Lakini hakuulizwa, hakusema. Jina lake ndilo lililofuata kwenye orodha ya chama.

Aneth alirudi mwishoni mwa Mei, amekonda. Kabla hajatua mzigo alipita shambani. Jumamosi iliyofuata alimpeleka Gerson hadi mstari wa kumi na mbili, akamwonyesha.

"Mbona kuanzia hapa kumechelewa hivi?"

Uongo mmoja haukai peke yake. Huita ndugu zake. "Labda maji, dada," alisema Gerson. "Huku chini naona hayafiki vizuri."

"Maji," alirudia Aneth, akitikisa kichwa taratibu. "Inawezekana. Mpira wetu mfupi."

Hakuwa na sababu ya kumshuku. Alitafuta ndoo mbili na mti wa kubebea begani, na tangu siku hiyo akawa anaamka kabla jogoo hajawika. Alichota tangini na kushuka nayo mistari tisa ya chini, shina baada ya shina, kisha ndipo aende kwenye vibarua vya watu. Juni yote na upepo wake wa baridi, Julai yote. Alinunua samadi akaipeleka huko huko chini. Mistari ya juu hakuihurumia. Ile ya chini aliihudumia kama wagonjwa.

Gerson aliyaona hayo. Jumamosi moja ya Julai alimkuta dada yake ameketi kwenye kivuli cha nyumba, kanga imeshuka, na begani ngozi imetoka mahali mti ulipokaa. Alijua kwamba dada yake anaibebea maji mizabibu isiyo na kiu, ambayo haikukosa chochote duniani ila wiki tatu, na kwamba wiki hizo tatu aliziiba yeye. Alifungua mdomo.

"Dada..."

"Unajua," Aneth alimkatiza, akitabasamu kwa uchovu, "nikishaingia chamani, kikapu cha kwanza nakupa wewe. Wewe ndiye uliyenifungua macho."

Mdomo ukajifunga. Gerson akachukua ndoo, akasema atamaliza zamu ile badala yake. Alikwenda safari tano. Ya sita mgongo ulimwuma, akakumbuka kwamba ana ahadi mjini, akaondoka.

Siku ya lori ilifika, mwishoni mwa Agosti. Aneth alivaa kitenge chake cha kanisani ili kuvunia, jambo ambalo watu walilicheka na yeye akacheka nao. Makreti yalipangwa. Mistari ya juu ilining'iniza vichala vyeusi, vimejaa, vimetandwa na ungaunga wa utamu. Ya chini ilikuwa na rangi ya aibu, nusu wekundu, nusu kijani. Aneth alisema kwamba ladha ndiyo itakayosema, rangi si kitu. Lakini alisema hivyo mara tatu bila kuulizwa.

Mzee Batholomeo, katibu wa chama, aliteremka kwenye lori na kifaa chake cha kupimia utamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Habari za mama?"

"Anatembelea gongo sasa, tunashukuru."

Alikamua tone kutoka mstari wa tatu, akachungulia kwenye kifaa, akatabasamu. "Hii ni asali." Alipima wa saba, wa kumi, akatabasamu tena. Kisha akashuka. Alipima wa kumi na tatu, akafuta kifaa kwa leso, akapima tena. Alipima wa kumi na saba. Akaweka punje moja mdomoni, akaitema.

"Binti yangu, hizi bado. Zimepungukiwa wiki tatu."

"Ni maji, mzee," Aneth alisema haraka. "Huku hayafiki. Nimebeba kwa ndoo tangu Juni, nimejitahidi..."

"Maji?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia maji? Mizabibu hii imekunywa mpaka imelewa. Hayo maji yako ndiyo yamezidi kuichelewesha." Akashika tawi, akageuza mahali palipokatwa, akalinganisha na la mstari wa juu. "Hapa mkasi ulichelewa kupita. Nyie mlikata lini?"

"Wiki ya mwisho ya Aprili. Shamba lote."

"Huku juu, nakubali. Huku chini kumekatwa katikati ya Mei. Aneth, mimi kazi hii nimeifanya tangu hujaota meno."

Aneth aligeuka polepole akamtazama mdogo wake. Hakuwa na hasira bado usoni; alikuwa anangoja aambiwe kwamba mzee amekosea. Gerson alitazama chini. Wavunaji waliacha kuvuna.

"Nilikata mitatu," alisema Gerson, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaondoka kidogo. Nilirudi kumalizia."

"Baada ya muda gani?"

"Wiki tatu."

"Siku nilipokupigia simu?"

"Ilikuwa imebaki tisa."

Mzee Batholomeo alitazama pembeni. Zabibu za mistari kumi na mmoja hazikutosha kujaza sehemu ya mwanachama, na lori halingerudi tena msimu ule. Aneth alimwomba, kwa heshima, mara moja tu. Mzee aliinama kwa masikitiko ya kweli. "Kanuni hizi niliziandika mimi mwenyewe, binti yangu. Mwaka jana nimemkatalia shemeji yangu. Nikikupitisha wewe, nitamwambia nini?" Akavuka uzio, akamwita Yoramu. Yoramu alikuwa amekwisha panga makreti yake tangu asubuhi.

Lori lilipoondoka, Aneth aliketi juu ya kreti tupu kwa kitenge chake cha kanisani. Gerson alisimama mbele yake, machozi yanamlenga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kweli kumaliza kitu.

"Dada, nisamehe. Nitafanya lolote. Nitakuletea mpira mrefu. Nitakuja kila Jumamosi, nitapogolea shamba zima mwenyewe, mwakani..."

"Miezi mitatu nimebeba maji, Gerson," Aneth alisema. Hakupaza sauti. "Sikulilii zabibu. Zabibu zitazaa tena. Ungesema neno moja tu siku ile, bado, ningekuja kukata mwenyewe. Wala nisingekulaumu, maana nakujua. Ulinitazama nikibeba."

"Nitaanza kesho, dada. Naapa kwa..."

"Usianze." Aneth aliinua mkono. "Nakuomba, mdogo wangu. Usianze tena kitu chochote na mimi."

Akamdai mkasi wake, aliokuwa amempa avunie, akaufunga kwenye kitambaa, akaingia ndani.

Zabibu zilizoiva alizipeleka sokoni Majengo kwa ndoo, akaziuza kwa bei ya kutupa kabla hazijaoza. Zile za chini zilipokaribia kuiva, mashamba yote ya jirani yalikuwa yamekwisha vunwa, na ndege wa Makutupora nzima hawakuwa na pengine pa kwenda. Walikula mistari yote tisa kwa siku mbili. Wiki iliyofuata Aneth alionekana tena kwenye vibarua, na wa kwanza kumwajiri alikuwa Yoramu, aliyetaka mtu hodari wa kufunga matawi. Tangu hapo Gerson alipofika Makutupora alipokewa kwa adabu zote: alisalimiwa, akapewa kiti, akapewa chai. Shambani hakukaribishwa. Alipouliza habari za mizabibu, dada yake alimjibu kama anavyojibiwa mgeni, kwamba haijambo.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Maana anayegeuka ukingoni hurudi nyumbani na uchafu wake uleule, na watu wamekwisha kumwona uchi.